Bidoni Mbili za Émérance

Wanawake wa pale Wamaza huimba nyimbo za kanisa wanapopika mafuta ya ngazi, tunda la mchikichi. Émérance haimbi. Sufuria ikiwa motoni huinama karibu nayo na kusikiliza, kwa sababu maji yaliyobaki ndani hulia, na hadi mlio ule ukatike kabisa mafuta hayajaiva. Wengine huepua mapema, maana maji nayo hujaza bidoni, dumu la kuuzia. Yeye husubiri. Jirani akipita na kumsalimu, humwinulia mkono tu, kwamba angoje.

Basi wapo wanaosema hana moyo wa ibada. Yeye anajua kwamba pale kwenye sufuria ndipo anapoabudu, ila hajaona sababu ya kumweleza mtu.

Katika kanisa lao, kabla ya Jumapili ya mavuno, kila familia hukamua mafuta ya madhabahu mbali na ya kuuza. Ngazi zilizoiva vizuri huchaguliwa moja moja kwa ajili ya Mungu. Zilizooza chini ya mti huachwa kwa mafuta ya soko. Olga, kiongozi wa akina mama, hupita nyumba kwa nyumba Jumamosi kukagua. Mwaka huu alimkuta Émérance akijaza bidoni mbili kutoka pipa moja.

"Mama Émérance, hii iko ya nani?"

"Ya kanisa."

"Na ile?"

"Ya Waridi, mwenye duka kule Kabambare. Glody ataibeba kesho na pikipiki."

Olga akashika kiuno. "Kumbe Mungu naye iko muteja wako, anapanga mustari nyuma ya Waridi?"

"Nikimuchagulia Mungu ngazi nzuri, zenye kuoza nitamupa nani? Watoto wa Waridi?"

"Mimi sijui Waridi. Kamua mengine leo, ama bidoni yako itabaki mulangoni."

Halikuwa tishio dogo. Kila mavuno Émérance huingia kanisani na bidoni kichwani, kama mama yake alivyoingia, na kuachwa mlangoni mbele ya watu wote ni aibu ambayo mtaa haungeisahau upesi. Ngazi nzuri alikuwa nazo, na jua lilikuwa bado juu. Akalitazama pipa. Kukamua mengine kungekuwa kukiri kwamba haya hayafai, na hilo lingekuwa uongo. Akaosha kinu, akakifunika.

Asubuhi Olga alisimama mlangoni, akaisogeza bidoni ya Émérance kando ya ukuta. Mstari wa akina mama ukakwama. Pasta François akatoka kuuliza kulikoni, Olga akamweleza. Pasta, mtu asiyependa ugomvi, akashusha sauti.

"Mama, hakuna mengine nyumbani?"

"Hapana, Pasta. Sina mafuta ya namna mbili."

Kisha akamgeukia Glody, aliyekuwa barabarani akikaza kamba za mzigo, akamwomba ashushe ile ya Waridi. Akaziweka bidoni zote mbili miguuni pa Olga.

"Chagua wewe mwenyewe. Yenye utaacha itaenda Kabambare."

"Angalia vizuri, Olga," mama mmoja akasema kwenye mstari. "Ukikosea, Mungu atakula ya dukani." Wakacheka, na Pasta akajikuna kidevu kuficha kicheko.

Olga hakucheka. Alifungua bidoni ya kwanza, akachovya kidole, akanusa, akaonja. Akafungua ya pili. Akarudi kwenye ya kwanza. Mafuta yalikuwa mekundu na safi katika zote mbili, bila machicha, bila harufu ya kuchacha. Vidole vyake vilikuwa vimelowa mafuta na kitenge chake kilikuwa kipya, hivyo akabaki ameinua mikono, hana pa kuifuta, huku waumini wakimngoja. Mwishowe akaelekeza kidevu upande wa kushoto.

"Hii."

"Asante, Mama Olga."

Émérance akakaza kata kichwani, akainama, akajitwika. Glody akaifunga ile nyingine nyuma ya kiti, akawasha pikipiki na kuelekea Kabambare. Pasta akasogea kando kumpisha Émérance, naye akaingia wa kwanza, shingo imenyooka, akatembea polepole kati ya mabenchi hadi madhabahuni. Hakumuuliza Olga kwa nini alichagua ile.