Kitanda cha Mama Mkwe Kando ya Mfereji

Namshukuru Mungu kwa mengi, na mojawapo ni kwamba safari ile mke wangu alibeba mikate. Si mikate ya dukani, ni ile yetu ya Lubumbashi, midogo ya duara, inayokaangwa kwenye mafuta. Nilimwambia hotelini kuna chakula. Akaniuliza nimekijuaje.

Mkwe wetu, mume wa binti yetu wa mwisho, anasafisha vyumba katika hoteli moja kando ya mfereji hapa Brussels. Zamani jengo lile lilikuwa ghala la bia. Sasa ni hoteli ndogo ya kifahari, yenye taa zinazoangaza kidogo kwa makusudi, na viti ambavyo mtu wa umri wangu akishakaa anahitaji kuombewa ili ainuke. Mtaa wenyewe umetulia. Unasikia bata wakigombana majini, na tramu kwa mbali. Sisi tunakaa Evere, upande mwingine wa jiji hilihili, na maisha yetu yote hatukuwahi kulala hotelini. Tukisafiri, kuna ndugu, na pasipo na ndugu kuna kanisa.

Siku yetu ya kukumbuka ndoa ilipofika, mkwe akatupa zawadi ya usiku mmoja pale kazini kwake. Hakuileta mwenyewe. Alimtuma binti yetu, na jambo hilo lilimfurahisha mke wangu kuliko zawadi.

Lazima nieleze. Kwetu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na zaidi ya yote, mkwe hakanyagi chumba anacholala mama mkwe wake wala hagusi kitanda chake. Hapa Ulaya wengi wameacha. Pale kanisani wapo wanaokumbatiana na mama wakwe zao mlangoni, na tunawaombea. Mke wangu hajaacha hata kidogo. Mkwe akija Evere, anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mke wangu anabaki jikoni, na wanazungumza vizuri sana kupitia ukuta.

Kwa hiyo mkwe alikuwa amepanga mambo sawasawa. Ghorofa yetu ingesafishwa na mwenzake.

Chumba kilikuwa kizuri, na ninashukuru. Kitandani kulikuwa na mito mingi kuliko washirika wa ibada yetu ya katikati ya wiki. Bafu lilikuwa na ukuta wa kioo, ili mtu aliyelala amwone anayeoga. Sijui nani aliomba kitu hicho. Mke wangu alitundika kitenge juu ya kioo kabla hajavua hata koti.

Asubuhi tuliomba, tukanywa kahawa, tukawa tunafunga mizigo. Mlango ukagongwa.

"Papa, ni mimi. Usifungue sana."

Nikafungua kidogo. Mkwe alikuwa amesimama na kigari chake cha mashuka, amenipa mgongo, anazungumza na picha iliyotundikwa ukutani.

"Papa, kuko matata. Mwenzangu amegonjwa, hakukuja. Donc ghorofa hii yote iko yangu. Na patronne, mukubwa wa kazi, anapanda sasa hivi kukagua vyumba. Contrat yangu ya kazi inaisha mwezi huu. Leo ndiyo anaangalia kama anibakishe ao aniache."

"Mwambie ukweli, kwamba chumba hiki huwezi kuingia."

"Papa, mimi ni muntu wa kusafisha vyumba. Nikimwambia siwezi kuingia chumba, atasema bon, asante, kwaheri."

Nyuma yangu nilisikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Aguse kitanda changu?" mke wangu akasema. "Muzee, funga huo mlango. Sitoki hapa. Nitakaa juu ya hiki kitanda mpaka yule mwenzake apone."

Nilifunga. Nilikaa karibu naye, nikajaribu kumwongoza kwa Maandiko, maana ndiyo kazi niliyosomea. Nilimkumbusha kwamba hata Petro alikuwa na mama mkwe, na huyo mama alikuwa amelala kitandani, na watu wakaingia, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

"Aliyemwendea pale kitandani ni Bwana," mke wangu akasema. "Tena yule mama alikuwa na homa. Mimi niko na homa?"

Katika miaka yangu ya kuhubiri sijawahi kujibiwa haraka hivyo. Nikakubali kwamba kuna njia moja tu: nifanye mimi.

Kwa kuwa nilikuwa nimevaa suti ya ibada, na sikutaka ishike vumbi, niliivua nikavaa lile joho jeupe la kuogea lililokuwa bafuni. Tulivua mashuka. Mke wangu akayafunga ndani ya kitenge kingine, fundo juu ya fundo, mkwe asione hata rangi. Nikayatoa mlangoni. Mkwe akayapokea kwa mkono wa nyuma na kunipa safi kwa mkono huohuo, macho yake yakiwa bado kwenye ile picha. Ilikuwa picha ya ng'ombe. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumheshimu ng'ombe yule kiasi kile.

"Papa, weka aspirateur chini ya kitanda pia," akanong'ona. "Patronne anainama."

Nikavuta vumbi kwa mashine aliyonisukumia mlangoni. Nikapangusa kioo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ilipofika zamu ya duveti, lile blanketi nene linaloingizwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Kwangu Evere sijawahi kuifanya kazi hiyo, na sasa najua kwa nini mke wangu huifanya akiwa amenuna. Kila pembe niliyoiingiza ilitoka. Mwishowe nikaona heri niingie mwenyewe ndani ya mfuko, nizishike pembe kutoka huko.

Nilikuwa humo, nimesimama, mikono juu, niliposikia sauti ya mwanamke na sauti ya mkwe kwenye korido.

"Wageni wa chumba hiki wameondoka?"

"Madame, kidogo tu, Madame..."

Mlango ukafunguliwa. Mke wangu hakuwa na pa kujificha mkwe asimwone. Nilisikia kishindo cha mtu kurukia kitanda, kisha mito ikimwagika.

Nikageuka, bado nikiwa ndani ya mfuko, nikasema, "Bonjour, Madame."

Alipiga yowe, na simlaumu. Hata Lazaro alipotoka kaburini sidhani kama wote walipiga makofi. Nilijitoa kichwa kwanza, nikabaki mbele yake na joho langu, nywele zimesimama. Patronne aliniangalia, akaangalia mashine ya kuvuta vumbi, halafu akaangalia lundo la mito lililokuwa linapumua.

"Madame ni mgonjwa?"

Sisemi uongo, na ukweli ungemfukuzisha mkwe kazi. Nilikuwa bado natafuta neno katikati ya hayo mawili, mito ikajibu kwa Kifaransa:

"Nina homa!"

Kisha, maana ni mke wa mzee wa kanisa, ikaongeza kwa sauti ndogo: "Homa ya haya."

Ikabidi nieleze yote. Nilieleza kama ninavyofundisha wanandoa wapya, polepole, bila kuruka kitu. Patronne alisikiliza akiwa ameegemea mlango. Nyuma yake mkwe alikuwa ameufunika uso wake kwa taulo safi.

"Kwa hiyo yeye haingii chumbani kwa mama mkwe wake. Kamwe?"

"Kamwe, Madame."

"Na mama mkwe haingii kwake?"

"Mungu apishe mbali!"

"Mama mkwe wangu mimi ana ufunguo wa nyumba yangu," akasema. "Anafungua makabati. Desturi hii yenu, mtu anaweza kujifunza akiwa mkubwa?"

Nilimwambia milango ya kanisa letu iko wazi kila Jumapili.

Akamgeukia mkwe. "Umesimama hapa muda wote bila kutazama ndani?"

"Ndiyo, Madame," taulo likajibu.

"Hapa wanakuja watu wasiotaka kutazamwa. Natafuta mfanyakazi asiyetazama, na wote ninaowapata wanachungulia. Nenda chini unywe kahawa. Contrat tutaandika mchana."

Akakunja mikono ya shati, akashika pembe mbili za duveti, mimi nikashika mbili. Mke wangu alipohakikisha nyayo za mkwe zimefika chini, aliinuka kati ya mito, akajitengeneza kilemba, na jambo la kwanza alilofanya, kama yule mama mkwe wa Petro homa ilipomwacha, ni kutuhudumia. Alifungua kopo la mikate. Patronne alikula amesimama, akala tena. Kisha mke wangu akajaza kisahani na kumkabidhi.

"Umpelekee yule wa chini. Mimi siwezi."

Tulipoteremka na mizigo, mkwe alikuwa dirishani, ametupa mgongo, anautazama mfereji, shavu moja limejaa. Mke wangu alipita akiwa amefunika uso kwa kitenge. Alisimama mlangoni, akawageukia bata wa nje.

"Tumelala vizuri. Asante sana."

"Asante Mama," mkwe akaujibu mfereji. "Mikate iko mizuri."