Boti Iliyopimwa kwa Lango

Asubuhi ile nilitoka Carama bila kujua ninakwenda wapi. Jirani yangu, aliyekuwa akichuma mboga za lengalenga kando ya njia, aliniuliza, nikamwambia naenda mjini. Akaniuliza mjini wapi, nikacheka. Nilikuwa na mkoba mdogo, shati moja, mswaki, na ile hali inayonijia kila baada ya muda, ya kuona kuta za chumba zimesogeleana.

Chumba chenyewe hakikuwa kibaya. Ila kilikuwa cha mtu mwingine, kama vyote nilivyolala tangu nilipoacha shule kabla ya wakati na kuanza kuzunguka: Uvira, Kigoma, Gitega, kisha Bujumbura. Kila mahali nilifika na mkoba, nikaondoka na mkoba. Siku hizo nilikuwa nimeanza kutamani jambo ambalo nikiwaambia watu walinitazama vibaya: mahali pangu mwenyewe, ambapo nikiondoka naondoka napo.

Nilipanda basi hadi katikati ya mji, nikashuka, nikaendelea kwa miguu kuelekea kusini kwa sababu upande huo wa barabara ulikuwa na kivuli. Hivyo ndivyo nilivyofika Kibenga. Ziwa lilikuwa limepanda kwa miaka kadhaa na halikuonyesha haraka ya kurudi. Barabara za chini ziliingia majini na kupotea humo, na nyumba nyingine zilibaki na madirisha tu juu ya maji. Nilikuwa nikitembea pale maji yalipoishia, nikitazama vya watu kama kawaida yangu, nilipoona juu ya ukuta mmoja paa dogo jeupe lenye vidirisha viwili vya duara. Sikuwahi kuona nyumba ya namna hiyo. Nikachungulia langoni.

Mwanamke wa makamo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya magunia yaliyofungwa.

"We unatafuta nani?"

"Sitafuti mutu, mama. Naangalia tu ile."

"Ile ni boti."

"Iko mbali na maji."

"Ngoja kidogo," akasema. "Maji yanakuja."

Ilikuwa boti ndogo yenye kibanda na injini ndogo nyuma, imekaa juu ya tela la magurudumu mawili. Mbao zilifunikwa kwa fibaglasi na kupakwa rangi nyeupe iliyoanza kubanduka. Marehemu mume wake, aliyefanya kazi ofisini Kigobe maisha yake yote, aliijenga humo humo ndani ya parseli, kiwanja cha nyumba yao, Jumamosi kwa Jumamosi. Alitaka boti ya kulala ndani, lakini isiyohitaji bandari wala mlinzi: jioni unaivuta nyumbani nyuma ya gari na kufunga lango. Basi kabla ya kugusa ubao wowote alipima lango. Upana wa lango ukawa upana wa boti.

"Mi nilimwambia, bomoa portaye kwanza, ndo ujenge boti yenye upana," mama yule alisema, akionyesha lango la chuma kwa kidevu. "Akasema portaye ni ya baba yangu. Na kweli ilikuwa ya baba yangu, hii parseli ni yake. Angeigusaje, mukwe anavunja portaye ya baba mukwe? Basi aliheshimu portaye, na sisi wote tukatapika kwenye ziwa."

Alisema hivyo bila kucheka, lakini alikuwa ameshasema mara nyingi, nadhani, na zamani palikuwa na mtu wa kumjibu.

Alikuwa anahamia kwa binti yake kule Carama. Nikamwambia ndiko ninakotoka.

"Kule maji yako?"

"Ya bomba yanakatika. Mengine hakuna."

"Vizuri," akasema. "Boti siwezi kupeleka kule. Ingia uangalie."

Niliingia nikakaa humo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kulikuwa na benchi mbili, moja kila upande, na ukilala miguu inaingia chini ya sitaha ya mbele kama mkate unaoingizwa kwenye tanuri. Katikati palikuwa na nafasi ya magoti. Kusimama haikuwezekana, nilipojaribu niligonga kichwa, nikasikia mama anasema kutoka nje, "Hapo hapo. Yeye pia."

Nimezoea kuuliza vitu kwa nini viko vilivyo, na boti ile ilinijibu yote. Ukitaka kusimama ndani, paa lipande. Paa likipanda, upepo unalishika na kuilaza boti ubavu, maana chini ni nyembamba. Ukitaka isiyumbe, iwe pana. Ikiwa pana haipiti langoni wala barabarani. Ukitaka ikate mawimbi vizuri, tumbo liwe na kina. Tumbo likiwa na kina haikai kwenye tela na haipandi mchangani. Marehemu alikuwa amepitia kila swali kati ya hayo na kila mara akatoa kitu. Alitoa kusimama, akatoa utulivu, akatoa mwendo. Alichobakiza ni vitanda viwili na uwezo wa kurudi nyumbani.

Mimi sikuwa na nyumbani pa kuirudisha. Nikiwa nimelala chali kwenye benchi la kushoto, nikitazama mwanga wa ziwa ukicheza kwenye dari ingawa ziwa lenyewe lilikuwa nje ya ukuta, nilijua ninaitaka. Pesa za pikipiki niliyouza nilikuwa nazo, na kuhusu bei tulielewana upesi. Nilifikiri yamekwisha.

"Basi kesho uje na watu wako," mama akasema.

"Watu gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa chumvi ni nini. Kwetu huku kitu kikubwa hakiuzwi na watu wawili. Kiwe ng'ombe, kiwe kiwanja, muuzaji analeta watu wake na mnunuzi analeta wake, wanakaa, wanakunywa pamoja, na wote wanakuwa wameona. Nililijua hilo. Ila sikuwahi kununua kitu kikubwa.

"Mi niko peke, mama."

"Apana. Hakuna mutu aliye peke. Siwezi kutoa kitu cha marehemu kwa mutu asiye na watu. Siku nikitaka kuuliza habari yake, nitauliza nani? Nitauliza ziwa?" Akafunga gunia moja lililokuwa limefunguka. "Na ukikosa, kuna mutu wa Kajaga anataka mbao zake. Atakuja Jumapili na shoka."

Nilikwenda kukaa kwenye ukuta uliobomoka karibu na maji nikapitia majina kwenye simu. Mwenye nyumba. Mtu wa mkaa. Mtu wa mkaa wa pili. Fundi simu. Mwanamke mmoja wa Kigoma ambaye namba yake haiiti tena, lakini sijaifuta. Nilimpigia mwenye nyumba, akadhani nataka kuchelewesha kodi, akakata. Mtu wa mkaa alicheka, akasema yeye na mimi tunafahamiana kwa gunia tu. Hakuwa na ubaya. Alisema ukweli. Nilikaa pale nikiangalia milima ya Kongo ikibadilika rangi, na nikajua kwamba ile boti ingepasuliwa kuwa kuni, si kwa sababu ya wembamba wake bali kwa sababu yangu.

Kesho yake nikaenda Buyenzi. Mama alikuwa ameniambia tela lilichomewa kule, na nilitaka angalau kumuona aliyelitengeneza. Nilimkuta chini ya pikapu, nikaona kwanza viatu, kisha kofia nyeupe iliyopakwa oili. Nilimweleza habari yote huku yeye akiendelea kufungua nati.

"Ile rimorki," akasema kutoka chini, akimaanisha tela. "Nilitoa ekseli kwenye minibasi. Wallahi rimorki itabaki, boti itaoza."

"Njoo uwe mutu wangu."

"Mutu wako kwa nini? Nakufahamu?"

"Apana."

"Ndo vizuri. Mutu anayekufahamu angekataa." Akatoka chini ya pikapu akanitazama kwa mara ya kwanza, kuanzia miguuni. "Kutakuwa na Fanta?"

Tulikaa uani kwa mama saa tisa, kwenye viti vya kuazima. Upande wake walikuwa shemeji yake na majirani wawili waliokuwa nao wanahama. Upande wangu kulikuwa na kiti changu na cha fundi. Shemeji mtu, aliyevaa koti zito kwenye joto lile, alinywa bia yake nusu kwanza, kisha akamgeukia fundi.

"Huyu ni nani kwako?"

"Mi ni wa rimorki," fundi akajibu. "Rimorki inaenda na yeye. Basi na mi niko upande wake."

"Lakini rimorki ulimutengenezea ndugu yangu. Si uko upande wetu?"

"Nitakunywa mbili. Moja ya kule, moja ya huku."

Majirani walicheka mpaka mmoja akamwaga bia. Shemeji hakucheka, ila alimtazama mama, na mama akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo nilivyopata boti: kwa mtu niliyemfahamu tangu saa nne asubuhi. Mama aliomba namba ya fundi, akaiandika kwenye simu yake mbele yetu. Ya kwangu hakuiomba.

Fundi alikuwa anakwenda Rumonge kuchukua mawese, lakini klachi ya pikapu yake ilikuwa imechoka na hakutaka kuvuta mzigo mzito kwenye barabara ile. Akasema atavuta tela tupu, mimi nipite majini.

"Tukutane wapi?"

"Mbele," nikasema.

"Mbele ni kubwa. Minago. Kule kuna mchanga."

Minago nilikuwa nimepita kwa basi mara kadhaa bila kushuka. Nikakubali.

Alfajiri iliyofuata tuliitoa boti. Ilipita langoni kama droo inavyotoka kabatini. Marehemu alikuwa ameibana maisha yake yote ili iweze kuvutwa hadi ziwani, na sasa ziwa lilikuwa limekuja lenyewe. Tulisukuma tela hatua chache tu barabarani, na maji yakaipokea. Mama alisimama langoni akiwa ameshika kitambaa cha kichwa mdomoni. Aliitazama boti mpaka ilipogeuka, kisha akaingia ndani, nikasikia lango likifungwa, ingawa ndani hapakuwa na kitu tena cha kufungia.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala, na kwa muda nilijiona mjanja. Injini ililia kwa sauti moja, pwani ikapita polepole: michikichi, wanawake wanaofua, moshi wa matofali. Nilikuwa na nyumba, na nyumba ilikuwa inakwenda. Nilitaka kumwambia mtu. Niligeuka, nikaona benchi la pili na mkoba wangu juu yake, ukiyumba kidogo kila upande kama mtu anayesinzia.

Kisha upepo wa kusini ukaamka, na nikajifunza yote ambayo mama alikuwa amesema. Kibanda kilishika upepo, tumbo bapa likapiga mawimbi kama kofi, na boti ikaanza kulala huku na huku kwa wembamba wake. Haikuwa hatari, nadhani. Ilikuwa fedheha tu. Nilitapika upande wa Kongo, nikanawa, nikatapika tena. Nilimfikiria yule bwana, Jumapili baada ya Jumapili, akiwa na mkewe na watoto wote wameshika kingo, na yeye anajua sababu na hawezi kuisema mbele ya baba mkwe.

Nilipofika Minago mchana, fundi alikuwa amekaa juu ya tela akila ndizi za kuchoma.

"Uko kijani," akasema.

Mitumbwi mikubwa ya wavuvi ilikuwa imepandishwa mchangani, na wavuvi waliniambia boti ile nikiiacha pale mawimbi ya jioni yataipasua, na mawimbi yakishindwa wezi hawatashindwa. Walituelekeza nyumba ya wageni nyuma ya soko la ndagala. Tuliipandisha boti kwenye tela, nao wakasukuma pamoja nasi, wakiimba, pikapu ikilia mbele na klachi ikinuka, mpaka mbele ya lango la mbao. Mwenye nyumba alitoka akiwa na kijiti cha meno mdomoni, mwanamke mwembamba mwenye haraka.

"Vyumba vimejaa, kuna wachuuzi wa ndagala," akasema. Kisha akatembea kuizunguka boti. "Hii watu wanalala ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Kama inapita, ingiza. Utalipa kama chumba, choo ni kile. Kama haipiti, ni shauri lako."

Fundi alinyoosha mikono kupima upana wa boti, akaibeba mikono hivyo hivyo wazi hadi langoni kama mtu aliyebeba beseni lisiloonekana. Akageuka, akanyanyua nyusi. Tukasukuma. Kila upande palibaki nafasi ya kiganja.

"Aliyetengeneza hii alikuja kupima hapa?" mwenye nyumba akauliza.

"Alipima kwa mukwe wake."

"Eh," akasema, kama aliyeelewa yote.

Fundi alifungua tela kutoka kwenye pikapu, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akaingia garini. "Upande wako unaondoka," akaniambia. "Yule mama akipiga simu, nitasema uko Minago." Akaenda zake Rumonge.

Niliingia kibandani, nikagonga kichwa, nikakaa. Nje wachuuzi walikuwa wanabishana kuhusu gunia. Dari halikuwa na mwanga wa maji, lilikuwa jeupe tu. Nikatoa mkoba kwenye benchi la pili nikauweka chini, miguuni, nikapangusa benchi kwa mkono. Jua lilikuwa linaelekea milimani ng'ambo nilipohisi ubao unagongwa ubavuni, polepole, na sauti ya mwenye nyumba ikasema, "Hodi humo. Nimeleta maji ya kuoga."

Ilinichukua muda kujua kwamba ni mimi ninayepaswa kujibu.

"Karibu," nikasema.