Jumamosi za Mwalimu Uyoga

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni fundi cherehani kwa kazi na mwalimu wa uyoga kwa kujiteua. Cheti chake ni kimoja: amekula uyoga wa porini maisha yake yote na bado yuko hai. Mtaa mzima unamwita Mwalimu Uyoga, naye akiitwa hivyo hukohoa kidogo, tayari kuhutubia.

Msimu wa mvua ukifika, kila Jumamosi asubuhi hukusanya watoto wa mtaa na kuwapeleka kwenye msitu mdogo nyuma ya kiwanda cha mbao. Wazazi tunasema ni elimu kwa vitendo. Ukweli ni kwamba mtu akiniondolea wanangu mpaka adhuhuri, hata angewafundisha kukamua nyoka ningemfungashia maji ya kunywa.

Masharti yake yanazidi ya benki. Uyoga haukatwi, unachimbwa kwa kisu mpaka mwisho wa shina, kwa sababu ubaya wake hujificha chini. Wa kichuguu, ndio wa kuliwa, una mzizi mrefu unaozama ardhini. Wenye kifuko cheupe chini, kama ganda la yai lililopasuka, huo unakupeleka kaburini. Hakuna kuonja. Na sharti kuu: mtu mmoja akiwa na shaka, hata awe mdogo kuliko wote, kapu lote linamwagwa. Watoto hulikariri kwa bidii ambayo hesabu za kuzidisha hazijawahi kuiona.

Sasa, mwaka huu alinishonea gauni. Mkono mmoja ulielekea mbele, wa pili nyuma. Nilipomuuliza akasema, "Ndiyo mitindo ya sasa, wifi. Wewe umezoea ya zamani." Nikashukuru kwa kuelimishwa. Lakini nilikuwa nimeona pia kwamba siku hizi sindano anatungiwa uzi na watoto, na hapo mzaha ukaniisha. Mtu asiyeona tundu la sindano ndiye anawachagulia wanangu chakula? Nilipomwambia mume wangu, alijibu kwamba dada yake ana macho ya mwewe. Labda mwewe aliyekaangwa. Jumamosi iliyofuata nikavaa viatu vya mvua, nikaenda nao.

Msituni kapu lilijaa mapema, uyoga mpana wa kutosha nyumba tatu. Wifi alitamba mbele, akinitupia jicho kila mara kuhakikisha kwamba nimeona. Akachimba mmoja, akauinua juu. "Nani ataniambia huu ni upi?"

"Wa kichuguu!" wakaitikia wote, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa uliotangulia. Akautia kapuni.

Binti yangu wa kati, ambaye nyumbani haoni soksi iliyo mguuni kwake, akainamia kapu. "Shangazi, huu una kifuko."

"Udongo huo."

"Udongo mweupe?"

"Mwanangu, nimeanza kuchuma uyoga mama yako hata kutambaa hajajua."

Mtoto akanitazama. Nyumbani nimewaimbia "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" mpaka kuta zimeshika, na siku hiyo niliogopa kwamba hata yeye ameshika. Akashusha macho. "Labda ni udongo," akasema.

Nilifungua mdomo, lakini wifi alikuwa ameshautoa ule uyoga kapuni. Aliusogeza karibu na pua, akaupeleka mbali, akausogeza tena. Mwishowe akafumba macho, akapitisha kidole gumba chini ya shina, taratibu, anavyopapasa mshono. Kidole kikasimama.

Akapindua kapu. Mzuri na mbaya, wote chini, akaukanyagakanyaga. "Sharti ni sharti," akasema, sauti imemkauka.

Njiani hakufundisha kitu. Nilikuwa nimekuja na maneno makali ya kumwambia; badala yake nikambebea kapu tupu. Nilimwonea huruma.

Nyumbani mume wangu akachungulia kapu. "Dada, leo hakuna kitu?"

"Msitu umekauka," nikasema haraka, matope yamenifika magotini.

"Usinisitiri, wifi," akasema, akaketi. "Uyoga ulikuwepo. Macho ndiyo hayakuwepo. Nimeweka wa sumu kapuni kwa mkono wangu, nikamwambia mtoto ni udongo." Akamgeukia binti yangu. "Na wewe ukakubali. Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mkubwa."

Wifi akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Basi Jumamosi tutarudi, na hatutachuma chochote," akasema. "Nitawaonyesha uyoga, na nitawadanganya. Atakayeninyamazia kwa sababu mimi ni mkubwa, simchukui tena."

Jumamosi hiyo binti yangu aliongoza kwa kubisha. Kufika jioni alikuwa amehamishia ubishi kwangu, na nililazimika kuonja mchuzi tena na kukiri kwamba kweli, chumvi imezidi.