Mstari Alioruka Asteria

Asteria alikuwa katekista wa kigango kimoja huko Zinga kwa miaka kumi na tisa, na sheria yake haikubadilika: asiyeijua Kanuni ya Imani kwa ghibu habatizwi. Wanafunzi wake waliisema bila kukwama, toka "Nasadiki" mpaka "Amina".

Masika moja mumewe, Oswaldi, alichukuliwa na maji ya Ruvu akirudi kutoka shambani. Walimtafuta siku tisa wasimpate. Wakaanua matanga bila kaburi. Jirani yake Zuwena, Mwislamu mzaliwa wa Bagamoyo mjini, alifunga duka lake wiki nzima akakaa naye.

Tangu hapo, kila Jumapili Asteria aliisema Kanuni pamoja na waumini wenzake, ila akifika penye "ufufuko wa miili" alinyamaza, kisha akaendelea na "uzima wa milele". Mwili upi, alijiuliza, nao uko wapi? Hakumwambia mtu. Aliona aibu kufundisha jambo ambalo mwenyewe lilimshinda kulitamka.

Mwaka wa tatu alimpokea darasani Mzee Simon, mchimba visima aliyehamia kutoka Ubena. Jina la Kikristo alipewa na wazazi wake, lakini ubatizo hakuupata. Sasa alikuwa na miaka sabini na moja, na kila akifika penye jina la Pilato katika Kanuni maneno yalimpotea.

Jumamosi moja, wanafunzi wengine walipokwisha kuondoka, Asteria alimwambia, "Mzee wangu, kwa hali hii Pasaka ya mwaka huu itakupita bila ubatizo."

"Sawa, mwalimu," Simon akajibu. "Ila Jumapili nilisimama nyuma yako. Nawe kuna mahali unaruka."

Asteria akafunga daftari. Hakukasirika. Alijikuta anamsimulia habari za Oswaldi na zile siku tisa.

Simon alimsikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilizika watoto watatu kule Ubena," akasema. "Pori limefunika, sijui tena kaburi lipi la nani. Mwalimu, nimekuja kwenu kwa ajili ya maneno hayo hayo unayoyaruka. Mengine yote najifunza ili niyafikie."

Jioni hiyo hiyo Asteria alikwenda kwa padre, akamweleza habari za Simon na zake mwenyewe. Padre akamwita mzee, akamuuliza anasadiki nini. Simon alijibu polepole, kwa maneno yake mwenyewe, na Pilato hakumtaja kabisa.

"Inatosha," padre akasema.

Simon alibatizwa asubuhi ya Pasaka. Asteria alisimama kando yake kama msimamizi, akimwongoza katika Kanuni mstari kwa mstari. Walipofika pale, sauti ya Simon ndiyo iliyotangulia, na ya Asteria ikaifuata. Swali lake alikuwa nalo bado. Lakini alitamka, machozi yakamtoka, akashangaa kuona kwamba ni ya shukrani: kwamba kuna maneno yaliyokuwapo kabla hajazaliwa, ambayo mtu mwingine aliweza kumshikia mpaka alipoyaweza tena.

Wiki iliyofuata aliomba misa ya marehemu, aliyokuwa ameikataa miaka yote mitatu. Zuwena alikuja, akakaa benchi la nyuma. Padre alisoma jina la Oswaldi, kisha Bruno na Agnesi, watoto wa Simon. Wa tatu alifariki kabla hajapewa jina. Padre akasoma "mtoto wa Simon", na kanisa lote likamwombea.