Wati kwa Rangi ya Kucha

Mmmh… mmmh… mmmmh… tap! Ndivyo jenereta yangu ilivyonung'unika asubuhi ile, kisha ikanyamaza. Hadi leo nikisikia injini ndogo ikivuta pumzi ya tabu, moyo unanilipuka.

Ilikuwa siku ya kwanza ya saluni yangu, chumba kimoja cha mabati pale machimboni Rwamgasa. Umeme ulikatika tangu alfajiri. Na mteja wangu wa kwanza maishani alikuwa bibi harusi, nywele zimeshaoshwa, maji yanamchuruzika shingoni, saa nane awe kanisani. Shangazi yake alikaa mlangoni kama mlinzi wa benki.

"Binti, huyu akiingia kanisani kama kuku aliyenyeshewa, Rwamgasa nzima itakujua."

"Si ndicho ninachotaka, shangazi!" nikacheka. Lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. Saluni hiyo niliiota tangu nasuka wanasesere nywele za katani, na ingeweza kufa kabla ya chakula cha mchana.

Kosa lilikuwa langu. Baba yangu ni mchimbaji. Jiwe hulinyanyua, akalipimapima kiganjani, akakuambia kama lina dhahabu. Nami vyombo vyangu nilivipima vivyo hivyo kabla ya kununua jenereta. Runinga nzito, nikaiogopa. Drayer ya mkono ya kukaushia nywele, nyepesi kama kikombe, nikaona itakula kidogo tu. Ndiyo hiyo iliyoizima injini.

Jirani yangu, mzee anayechomelea vyuma vya mitambo ya kusagia mawe, alisikia ule ukimya akaja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umewasha nini?"

Nilipomweleza habari ya kupima kwa kiganja, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, umeme haukai kwenye uzito! Chenye kutoa joto ndicho mlafi. Geuza uone mgongoni, kuna wati."

Nikageuza. Drayer ya mkono, elfu moja mia nane. Jenereta yenyewe, elfu moja mia mbili! Drayer hiyo nikaiweka kando kwa heshima zote. Drayer ya kukalia, ile ya kofia, elfu moja. Friji yangu ndogo ya soda, mia. Runinga, sitini. Nikajumlisha kwa kidole juu ya vumbi la kioo: elfu moja mia moja sitini. Arobaini inabaki! Hesabu za shule zilinikimbia mapema, lakini hii nilijiona profesa.

Mzee akaiwasha upya jenereta, akarudi kwenye vyuma vyake. Bibi harusi akaingia chini ya drayer ya kukalia, runinga ikaimba, shangazi akapewa soda, akaanza kunipenda. Ilidumu kama robo saa hivi. Kisha friji, ambayo ilikuwa imetulia kimya kwa ubaridi wake, ikaamka yenyewe. Mmmmh… tap!

"Hesabu gani hiyo?" shangazi akasema. "Arobaini yako iko wapi?"

Nikakimbia kwa mzee. Hakucheka safari hii. "Unapobeba kiroba cha mawe, kazi iko wapi? Kutembea nacho?"

"Hapana, baba. Kukinyanyua."

"Basi. Friji ina mota. Mia ni ya kutembea. Kujinyanyua inataka mara tatu, nne, hata zaidi. Ianze kwanza, peke yake, na uiachie nafasi. Nafasi huna, izime."

"Wabeja sana, baba!" nilimshukuru kwa Kisukuma nikiwa nusu njiani.

Nikachomoa friji. Nikachomoa na runinga nisibahatishe, shangazi akanung'unika, nikamwambia aimbe yeye. Akaimba kweli, mama yule, sauti kama tarumbeta, na bibi harusi akatikisa mabega chini ya joto. Nikaiwasha injini upya, ikaenda sawasawa, haikuguna tena. Saa saba na nusu nywele zilikuwa kavu, zimebanwa, na maua mawili meupe. Shangazi alimzunguka mara mbili akitafuta kosa.

"Haya," akasema, "na mimi Jumamosi."

Walipoondoka kwa vigelegele niliketi peke yangu. Soda zilikuwa zimeanza kupata joto. Nikafungua rangi ya kucha, ile nyekundu, nikaandika wati kwenye ubavu wa kila chombo, tarakimu kubwa, mpaka kwenye mashine ya kunyolea. Kwenye mlango wa friji niliandika mia, na chini yake nikachora mtu mdogo akinyanyua kiroba. Nikaipulizia rangi ikauke.