Hotuba Dukani Makutano

Jumanne nilikuwa Makutano, katika duka la pembejeo, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu mama mmoja wa Kibirichia alikuwa akinunua dawa ya viazi. Redio ikakatiza muziki, na kiongozi wa nchi akaanza kuhutubia taifa kuhusu vita vya mpakani.

"Ongeza sauti kidogo," mama akamwambia muuzaji. "Kijana yangu ako huko."

Muuzaji akaiongeza. Kiongozi alisema wanajeshi wetu ni mashujaa, hatutarudi nyuma, na kila Mkenya asimame nao. Mama alisikiliza akiwa ameinama, kiganja juu ya kaunta. Mzee aliyesimama mlangoni akapiga makofi, na hata mimi nilihisi kifua kikijaa fahari.

Hotuba ilipokwisha, mama akauliza, "Amesema watarudi lini?"

"Hiyo hajasema, mama," muuzaji akajibu taratibu.

"Hata ile hotuba ingine hakusema."

Akachukua dawa yake, akatoka. Mzee wa mlangoni akampisha bila kumtazama usoni.

Nimesikiliza hotuba nyingi za vita, na nimechoka kuzisifu. Hunoga sana kwa sisi tusio na mtu huko.