Jivu la Kuchorea Uwanja

Wacha kwanza nitaje waliokuwepo, nisije nikaambiwa nimetunga. Alikuwepo baba yangu, Zakayo M'Mwirichia, kocha wa timu ya kijiji chetu, Kanyakine. Alikuwepo mama yangu Wawira, aliyeolewa kutoka Embu, na hilo la Embu mlishike, lina kazi mbele. Alikuwepo cucu Ciorukunga, bibi yangu mzaa baba, mwenye fimbo na ulimi, na sijui kipi kilikuwa kirefu kuliko kingine. Alikuwepo jirani yetu Kathure, mama yake Mwirigi, na Mwirigi ndiye alikuwa mfungaji wetu wa mabao. Alikuwepo Gikunda, mwenyekiti wa timu, na mkewe Kanana. Na mimi Nkirote, mtoto wa kwanza, miaka tisa, darasa la pili, ambalo ndilo la mwisho nililomaliza.

Leo asubuhi nilikuwa nikizoa jivu mafigani, redio ikasema kocha wa timu moja kubwa ya Nairobi amepigwa kalamu. Watu wakaanza kupiga simu redioni. Mmoja akasema kocha huyo hata kuku hangeweza kuwafundisha kuingia ndani jioni. Mwingine akalia kabisa, mtu mzima na ndevu zake. Mjukuu wangu Makena, anayeipenda timu hiyo kuliko chai, akawa ananisomea yaliyoandikwa kwenye simu, na mengine akiyaruka kwa kuniheshimu. Nikamwambia, "Usiruke. Soma yote." Hapo harufu ya jivu baridi ikaniingia puani, ile harufu kavu inayowasha kidogo, nikajikuta nimerudi Kanyakine.

Baba alikuwa na sheria moja tu: anayemtukana refa hachezi mechi inayofuata. Sasa Mwirigi akamtukana refa, na mechi iliyofuata ikawa ni fainali, tena na timu ya kutoka Embu. Baba akamkalisha kwenye nyasi na jezi yake mpya. Tukafungwa moja bila. Nakumbuka kimya kilichoingia uwanjani, ungesikia ng'ombe akicheua ng'ambo ya ua. Halafu sauti ya kwanza ikatoka: "Amewauzia shemeji zake mechi!" Basi ikaenea kama moto kwenye nyasi za kiangazi.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Gikunda alisimama nje akatangaza kwamba Zakayo si kocha tena, na kwamba Mutuma, ndugu wa Kanana, ndiye atakayeshika timu. Kazi yenyewe haikuwa na mshahara hata wa sabuni, lakini kufutwa ni kufutwa. Magazeti ya wakati huo hayakujua Kanyakine iko wapi. Sisi tulikuwa na fundi Silasi, aliyeshona nguo kwenye baraza la soko, na kila aliyepeleka suruali kutiwa kiraka alitoka na habari ya baba juu yake, bure. Wiki hiyo mama hakwenda sokoni.

Ijumaa baba akaniita, akanipa gunia. Uwanja wetu ulichorwa kwa jivu, na kila Ijumaa mimi ndiye nilizunguka nyumbani kwa watu kuliomba.

"Lakini baba," nikamwambia, "wewe umefutwa."

"Na uwanja, umefutwa pia?"

Nikalitia gunia kwapani. Akainama mpaka uso wake ukafika kwangu. "Watu wakiniona wananyamaza. Wakikuona wewe watasema. Kila atakalosema mtu, niletee. Usiniongezee, usinipunguzie."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Kathure. Alichota jivu vizuri, nikashukuru moyoni, kisha akachukua maji aliyooshea sufuria akalimwagia lote. "Mpelekee shemeji wa Waembu," akasema. "Mwambie Mwirigi wangu hajala vizuri tangu siku ile." Nikabeba jivu bichi, maji yakinitiririka mgongoni mpaka kisiginoni.

Kanana, mke wa mwenyekiti, alinipa jivu kavu, amelichekecha mwenyewe. Akaangalia ua, akaangalia mlango, akanong'ona, "Mwambie baba yako watu walimjia Gikunda wakamwambia, mtoe Zakayo ama tukutoe wewe. Lakini usiseme ni mimi nimesema." Nikapita nyumba nyingine tatu, huko nikapewa jivu na miguno tu.

Mwisho nikafika kwa cucu. Yeye alipikia magunzi ya mahindi, na jivu lake lilikuwa laini kama unga wa posho. Hakunisalimu.

"Umetumwa na yule aliyefutwa?"

"Ndiyo, cucu."

"Walikawia! Mwambie mama yake amesema walikawia. Mtu ana Mwirigi, anamkalisha chini kama mgonjwa wa tumbo! Hata mimi na fimbo hii ningemwingiza."

Huku anasema hivyo, anajaza gunia lake mwenyewe kwa mikono yake miwili, akalifunga kwa kamba, akaliweka kichwani pangu.

Njiani nililia, wala si kwa uzito. Neno la Kathure ningelipeleka, la Kanana ningelipeleka. Lakini mama mzazi! Niliona neno hilo likifika kwa baba litamvunja, na kesho hatasimama mbele ya watu. Nikaamua, hilo moja nitalizika mimi.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda akitoboa debe kwa msumari. Nikampa habari nyumba kwa nyumba. Niliposema la Kathure, aliuliza kitu kimoja tu: "Ati Mwirigi hajala vizuri?" Kisha akaanika lile jivu bichi juu ya bati. Niliposema la Kanana nikamaliza na lile la "usiseme ni mimi", maana niliambiwa nisipunguze, mama akacheka mara ya kwanza wiki hiyo.

"Na mama yangu?" baba akauliza.

"Alitoa jivu tu."

Baba akaweka msumari chini. "Mama yangu ametoa jivu bila neno?" Akainuka, akachukua kofia. "Basi ni mgonjwa. Wacha niende nimwone kabla jua halijazama."

Nikaangua kilio, nikalisema lote, walikawia, mgonjwa wa tumbo, na fimbo. Mama akaacha kupepeta maharagwe. Nilimtazama baba usoni nione atakavyovunjika. Akacheka! Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Huyo ni mzima," akasema. Halafu akanishika bega. "Lakini Nkirote, ukinificha la mama, nitajuaje kama la wengine ni kweli?"

Jumamosi asubuhi tulichora. Yeye alifunga kamba ya katani kwenye vijiti, akapita juu yake akitikisa debe, nami nyuma na gunia. Duara la katikati alilichora kwa jivu la cucu. Mistari ilinyooka hadi nikaona aibu, kwa sababu usiku wote niliomba ipinde, Mutuma aaibike. Mutuma alipofika na filimbi mpya shingoni, aliangalia uwanja, akamwangalia baba, akasema, "Asante, mwalimu," akaenda kuwapanga vijana.

Watu wakajaa. Sasa mjue, akina mama wazee walikaa ng'ambo kwenye kivuli, na kila mechi walikata katikati ya uwanja kufika huko. Cucu alichelewa. Refa alikuwa tayari, filimbi mdomoni. Cucu akafika kwenye mstari, akasimama.

"Nani amechora hapa?" Na alijua vizuri.

"Ni Zakayo," mtu akajibu.

"Basi sikanyagi."

Akaanza kuuzunguka uwanja mzima kwa nje, fimbo yake ikigonga, ko, ko, ko. Wanawake waliokuwa wameshanyanyua mguu waliurudisha, wakamfuata. Kathure naye akafuata, kichwa chini. Refa akangoja. Timu mbili zikangoja. Baba alisimama kwenye kona, ameshika kofia kifuani, na mimi pembeni yake nilihisi nimerefuka.

Tulishinda mbili moja, Mwirigi akafunga yote mawili, watu wakambeba Mutuma. Baba akapiga makofi kama wengine. Hakurudi kuwa kocha tena, lakini uwanja aliuchora mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, na kila Ijumaa nilimletea maneno ya watu pamoja na jivu lao.

Siku ile nilidhani cucu ametubu. Wapi! Mpaka anazikwa alisema Mwirigi angechezeshwa. Nilikuwa nimeshazaa watoto wanne ndipo nikaelewa kwamba mtu anaweza kukuambia umekosa, na bado akakataa kuikanyaga kazi yako. Baba alilijua hilo, ndiyo maana hakutaka nimkatie neno la mtu hata moja. Aliogopa nisije nikatupa la anayempenda nikidhani ni la adui. Watu hunisifu ati nakumbuka kila jina. Ni kwa sababu nilikuwa gazeti la baba yangu, na hakuna kazi nyingine niliyoifanya nikajivunia hivyo.

Kama kuna mtu wa Kanyakine wa rika langu anayesoma haya, anirekebishe. Labda si Kathure aliyemwaga maji, labda ni dada yake. Labda ilikuwa mbili bila. Nilipoongeza, punguzeni; nilipopunguza, ongezeni. Msione haya kwa sababu mimi ni mzee. Nileteeni lote.